Sura ya Sita: Moto wa Kuota

Mgeni kutoka Dar es Salaam akishuka kwenye basi Tukuyu mwezi Julai, kabla jua halijazama anakuwa ameshauliza wanakouza masweta. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, upande wa kusini wa Mlima Rungwe, ambao kilele chake kinakaribia mita 2,960. Mvua ya mwaka mzima hupita milimita 2,000, na hata miezi inayoitwa ya kiangazi ina siku zake za manyunyu. Juni na Julai ukungu hushuka kutoka mlimani alasiri, na usiku joto laweza kuteremka chini ya nyuzi 10. Ukipanda kuelekea Isongole baridi inazidi. Ukishuka Kyela, safari ya muda mfupi tu kwa gari, watu wamelala madirisha wazi.

Kwa nyumba nyingi za Tukuyu dawa ya baridi hiyo ni jiko la mkaa. Linawashwa nje barazani, linapepewa kwa mfuniko wa sufuria mpaka makaa yashike na moshi uishe, kisha linaingizwa sebuleni na kuwekwa juu ya kipande cha bati lisije likapasua vigae. Watu wanasogeza viti. Kwa kuwa moshi umekwisha, kila mmoja anaamini hatari nayo imekwisha. Baada ya taarifa ya habari mtu analiinua, analipeleka chumba wanacholala watoto, na anafunga mlango ili joto lisipotee.

Makaa yasiyo na moshi ndiyo yanayoua. Yakiungua penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha macho wala kukohoza. Ikiingia mwilini inaishika damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, na damu inakosa nafasi ya kubeba kile ambacho ubongo na moyo vinakihitaji. Aliye macho huumwa kichwa, husikia kizunguzungu, hutapika, na pengine huwahi kutoka nje. Aliyelala hapati onyo. Kila msimu wa baridi magazeti ya Tanzania na Kenya huandika habari za watu waliokutwa asubuhi wamekufa vitandani, jiko likiwa katikati ya chumba. Habari hizo zinaniuma, kwa sababu vifo hivyo vinazuilika kwa ujuzi ambao hauzidi ule wa kuezeka paa.

Sura hii ni ya mtu aliyechoka na jiko hilo na anafikiria kuweka sebuleni meko ya kuotea moto yanayotumia gesi. Wazo lenyewe naliunga mkono. Ila nina hoja moja ambayo nataka aibebe toka dukani hadi siku fundi atakapokabidhi kazi: kupata joto ni rahisi, kazi iko kwenye hewa. Moto wowote, uwe wa kuni, mkaa au gesi, unahitaji njia ya kuvuta hewa safi na njia ya kutoa hewa chafu. Anayenunua meko kabla hajajua njia hizo mbili zitapita wapi, hatari ya lile jiko la mkaa atakuwa nayo bado, safari hii kwa bei kubwa zaidi.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi mwisho wa kipindi hicho. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilikuwa zimepewa hadi Januari 2024 kuachana na kuni na mkaa. Ni kazi njema, na aliyewahi kuona mwanamke akipika ndani ya moshi na mtoto mgongoni hahitaji kushawishiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi na hewa chafu ya majumbani viliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Lakini mkakati huo, kama jina lake linavyosema, ni wa kupikia. Katika wilaya yetu ya Rungwe kuna upande wa pili. Jiko la kuni la bibi lilifanya kazi mbili kwa mkupuo: liliivisha mbalaga, chakula chetu cha ndizi, na liliwapasha moto wote waliokaa kulizunguka. Jiko la gesi linaivisha upesi na linazimwa. Chakula kiko mezani, nyumba bado ya baridi. Matokeo yake nimeyaona nyumba baada ya nyumba: jikoni gesi, sebuleni mkaa. Familia imeondokana na moshi wa kupikia ikabaki na sumu ya kuotea, na misitu haijapata nafuu iliyotarajiwa. Huo mlima tunaoutazama kila asubuhi ndiko mwaka 2003 watafiti walikomwona kipunji, nyani ambaye sayansi ilikuwa haijawahi kumwandika, na makazi yake ni msitu uleule unaopunguzwa kwa shoka. Kuzungumzia nishati safi katika wilaya hii bila kuzungumzia joto la jioni ni kuacha nusu ya kazi.

Moto una historia ndefu hapa, na historia hiyo inaeleza kwa nini nyumba zetu za leo hazina pa kuuweka. Simulizi za Wanyakyusa walizozikusanya Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti katika nchi hii kati ya 1934 na 1938, zinasema machifu wa kwanza walitoka Ukinga, ng'ambo ya Milima ya Livingstone, wakaja na ng'ombe, chuma na moto. Wenyeji waliowakuta, kwa simulizi hizo, walikuwa wakila vyakula vibichi. Hata utawala ulipokabidhiwa kutoka kizazi cha baba kwenda cha wana, moto wa zamani ulizimwa nchini kote, ukapekechwa mpya, na watu wakachukua kutoka huo kwenda kuwasha majumbani mwao. Katika nchi ya mvua na ukungu, kumpa mtu moto kulikuwa ni kumpa makazi.

Nyumba za siku hizo zilikuwa za mianzi na udongo. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa mwaka 1879, alizisifu kwa unadhifu wake. Moto uliwaka ndani na moshi ukapenya kwenye nyasi za paa, ukifukuza wadudu wa mianzi na kukausha nyasi zilizolowa. Sisemi maisha hayo yalikuwa ya afya. Macho yaliwasha na vifua viliumia. Ila paa lilikuwa na matundu elfu, na hewa yenye sumu haikukaa.

Kisha likaja bati. Baada ya bati ikaja dari ya mbao laini, baadaye jipsamu, na sasa madirisha ya alumini yanayofunga kabisa. Kila hatua ilikuwa ya maendeleo ya kweli, na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Zikijumlishwa, hatua hizo zimeziba kila mahali ambapo hewa ilikuwa ikipita, huku moto tukiendelea kuuweka palepale katikati ya chumba.

Wamishonari wa Moraviani, waliofika Rungwe mwaka 1891, na walowezi wa mashamba ya chai waliokuja baadaye, walitoka nchi za baridi na walijua kwamba nyumba iliyozibwa inadai dohani. Ndiyo maana nyumba kongwe za misheni na za mashamba ya chai katika Nyanda za Juu Kusini zina minara ya matofali inayochomoza juu ya paa. Sisi tulipoanza kujenga kwa matofali na bati tulichukua kuta, tukachukua madirisha, dohani tukaiacha. Ilikula matofali mengi, na pale inapotokeza kwenye bati ilivujisha mvua. Sababu zote mbili zilikuwa na mashiko. Sasa tunapotaka meko ya gesi, suala lililoahirishwa linarudi.

Kabla ya kuingia dukani ni lazima kutenganisha gesi tatu ambazo watu huzichanganya, na mkazi wa Rungwe ana bahati ya kuanza na ile iliyo chini ya miguu yake. Volkano za wilaya hii, Rungwe, Ngozi na Kyejo, zimelala, lakini hazijafa. Kyejo ilimwaga lava mara ya mwisho karibu na mwaka 1800. Hadi leo kaboni dayoksaidi hupanda kupitia nyufa za miamba, na huko Ikama kampuni ya TOL Gases huivuna na kuiuza kwa viwanda vya vinywaji. Povu la soda nyingi zinazonywewa nchini limetoka ardhi hii. Gesi hiyo haiwaki, bali huzima moto. Uzito wake ni mara moja na nusu ya hewa, kwa hiyo mahali penye shimo lisilo na upepo hutuama. Ndege na wanyama wadogo hukutwa wamekufa mahali pa namna hiyo. Kule Goma, mashariki ya Congo, chini ya volkano za Virunga, watu huyaita maeneo hayo mazuku, na watoto huonywa wasicheze humo.

Gesi ya pili ni ya mtungi. Wengi huamini inatoka Songo Songo au Mnazi Bay. Sivyo. Gesi asilia ya kusini husafiri kwa bomba kwenda Dar es Salaam, kwenye mitambo ya umeme na viwanda, na bomba hilo halifiki Mbeya. Iliyomo mtungini ni propani na butani, huletwa nchini kwa meli, na hupandishwa kwa malori hadi Uyole kisha kushushwa Tukuyu. Nayo ni nzito kuliko hewa: propani mara moja na nusu, butani mara mbili. Ikivuja haipandi darini. Hutiririka sakafuni kama maji yaliyomwagika, hupita chini ya mlango, hushuka ngazi, hutafuta mahali pa chini kabisa na kusubiri cheche. Ikifika asilimia 2 tu ya hewa ya chumba, inaweza kulipuka. Kwa asili haina harufu. Ile harufu kali tunayoijua hutiwa kusudi ili pua ituambie mapema.

Tukuyu imejengwa kwenye miteremko. Nyumba nyingi zina chumba au stoo upande wa bondeni, chini ya msingi mrefu. Anayejua kwa nini ndege hufa kwenye mashimo ya huko Kyejo ameshajua pia kwa nini mtungi usiwekwe ndani, wala nje juu ya dirisha la chumba cha chini, wala jirani na mfereji au shimo la maji taka. Mahali pake ni nje, umesimama wima, kwenye kibanda chenye matundu usawa wa sakafu, mahali ambapo gesi ikivuja itateremkia kwenye uwanja wazi.

Ya tatu ni kaboni monoksaidi ya mwanzo wa sura. Hii haimo mtungini. Huzaliwa na moto unaokosa hewa. Haitui chini, huchanganyika na hewa ya chumba kizima. Pua iliyozoea kunusa gesi inayovuja haiwezi kuigundua. Kwa hiyo nyumba yenye meko ya gesi inahitaji ving'ora vya aina mbili na si moja: cha gesi ya mtungi kifungwe karibu na sakafu, cha kaboni monoksaidi kifungwe usawa wa kichwa, na kingine kama hicho vyumba vya kulala. Fundi akikwambia kimoja kinatosha kwa yote, muulize kinapima gesi ipi.

Sasa tuje kwenye meko yenyewe. Aina ya kwanza, ya bei nafuu kuliko zote, ni hita ya magurudumu ambayo mtungi unakaa mgongoni mwake, au meko ya ukutani yasiyo na bomba la kutolea hewa. Wauzaji huyasifu kuwa hayapotezi joto. Ni kweli, kwa sababu hayatoi chochote nje. Kila kitu kinachozaliwa na moto kinabaki chumbani, na hapo kuna jambo ambalo kwa Tukuyu ni zito kuliko kwa Arusha au Nairobi: kilo moja ya gesi ikiungua hutengeneza takriban lita 1.6 za maji katika hali ya mvuke. Mtungi wa kilo 15 unamwaga ndani ya nyumba kama lita 24. Katika mji ambao mashati hufanya kuvu kabatini na godoro hunyanyuliwa kila wiki liote jua, huku ni kuileta mvua sebuleni. Mvuke huo unagandia kwenye ukuta wa baridi nyuma ya makochi, na baada ya msimu mmoja rangi inabanduka na watoto wanaanza kukohoa.

Kuna na tatizo la pili. Hita nyingi za aina hiyo zina kihisi kinachozima moto oksijeni ya chumba ikipungua. Kihisi hicho kilipangwa kwa hewa ya maeneo ya chini. Kwenye mwinuko wa Tukuyu kinaweza kuzima moto hata chumba kikiwa salama, na mwenye nyumba akichoka kuwasha tena na tena, kishawishi ni kumwambia fundi akipitishe pembeni. Usikubali. Kwa nyumba za hapa aina hii siipendekezi sebuleni, na chumbani naikataa kabisa.

Aina ya pili ni ya meko yaliyo wazi mbele, yenye magogo ya udongo wa kauri na dohani juu yake. Yanapendeza. Zaidi ya nusu ya joto lake, hata hivyo, hupanda na dohani, na dohani huvuta pamoja nalo hewa ya chumba uliyokwisha kuipasha. Aina ya tatu ina kioo kilichofungwa mbele na bomba lililo ndani ya bomba jingine, linalotoboa ukuta wa nyuma: hewa safi inaingia kupitia lile la nje, hewa chafu inatoka kupitia la ndani, na hewa ya sebule haiguswi hata kidogo. Hayategemei dohani ya matofali, hayaleti mvuke ndani, na sehemu kubwa ya joto inabaki. Huagizwa kutoka nje ya nchi na bei yake si ya mchezo. Kwa anayejenga upya na ana uwezo, ndiyo ningemshauri achukue.

Yoyote utakayochagua, mwambie muuzaji unakaa kwenye mwinuko gani. Shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 84 ya lile la pwani. Mpishi wa maharage wa Tukuyu anajua bila kufundishwa. Maji yake huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na maharage yanachelewa. Moto nao hupata oksijeni kidogo kwa kila pumzi. Meko yaliyopimwa kwa ajili ya usawa wa bahari yakiletwa hapa bila kurekebishwa yatapokea gesi nyingi kuliko hewa iliyopo, na gesi isiyoungua vizuri ndiyo mama wa kaboni monoksaidi. Kanuni inayotumika Marekani ni kupunguza nguvu ya kifaa kwa asilimia 4 kwa kila mita 300 za mwinuko, mahali pakizidi mita 600. Kwetu hiyo ni kama moja ya tano. Hufanywa kwa kubadilisha nozeli, kile kitundu kidogo kinachopimia gesi, na ni kazi ya fundi mwenye vipimo, si ya kukisia kwa macho. Meko ya kuotea hutengenezwa yatoe ndimi za njano kidogo ili zifanane na kuni, kwa hiyo rangi peke yake haitoshi kukuonyesha kasoro. Angalia kioo na magogo. Yakipata masizi meusi wiki za mwanzo, zima na uite fundi.

Gharama ya kuwasha mtu anaweza kujipigia mwenyewe. Kilo moja ya gesi ina joto la takriban uniti 13 za umeme. Gawa bei ya mtungi wa kilo 15 kwa 15, kisha kwa 13, ulinganishe na unacholipa LUKU kwa uniti moja. Meko ya kilowati 4, yanayotosha sebule ya kawaida, hula kama gramu 300 kwa saa. Ukiwasha saa nne kila jioni, mtungi wa kilo 15 utakwisha kwa siku 12 hivi. Mtungi wa kilo 6 usiufikirie kwa kazi hii. Gesi inapotoka kwa kasi mtungi hupoa, hutokwa jasho, na mwako hufifia wakati gesi bado imo. Hapo ndipo watu humwagia maji ya moto au kuusogeza karibu na jiko, jambo ambalo halifai kufanywa kwa hali yoyote. Mtungi wa kilo 38, au miwili ya 15 iliyounganishwa, hutoa gesi bila kuchoka.

Na kabla ya kununua meko, tazama dari. Nyumba isiyo na dari inapashia joto bati, na bati linapashia joto ukungu. Shilingi ya kwanza iende huko, ya pili kwenye mapazia mazito na nyufa za milango, na ikibaki ndipo meko. Nimeona nyumba zilizofanya mambo mawili ya mwanzo zikatosheka na meko madogo kuliko yaliyokusudiwa.

Kazi niliyoitazama kwa karibu ilikuwa ya mwalimu mstaafu, upande wa Katumba, katika nyumba kongwe yenye dohani ya matofali ambayo familia yake haikuwahi kuitumia. Fundi alitoka Mbeya na kijana wake. Siku ya kwanza hawakugusa meko kabisa. Walipanda juu ya paa wakatoa viota vya ndege vya miaka mingi, vijiti, manyoya na nyasi, vikajaza viroba. Kisha waliteremsha ndani ya dohani bomba la chuma kisichoshika kutu, toka juu hadi chini, kwa sababu lipu ya zamani ilikuwa na nyufa. Nchi hii iko kwenye Bonde la Ufa, ardhi hutikisika, na ufa wa dohani unaweza kutokezea chumba cha kulala.

Siku ya pili ndipo mwalimu alipouliza kuhusu mtungi.

"Baba, tuuweke pale jikoni, nyuma ya mlango? Usije ukaibwa nje."

"Hapana, Mwalimu. Nje, halafu tutaufungia kibanda cha nondo chenye kufuli. Mwizi tutamzuia kwa kufuli, gesi haizuiliki kwa mlango."

Bomba la shaba lilipita ukutani ndani ya bomba jingine la plastiki, na kabla tu ya meko pakafungwa koki ya kuzimia ambayo mtu mzima anaifikia bila kuinama sana. Kila kiungo kilipakwa povu la sabuni kwa sifongo. Kwenye nati ya tatu povu likaanza kutoa vitone vidogo, kimoja baada ya kingine, polepole mno kiasi kwamba mimi nisingeviona. Fundi aliinamia, akakaza robo ya mzunguko, akafuta, akapaka upya, akasubiri. Kijana alikuwa tayari ameshika kiberiti. "Weka chini hicho," akaambiwa.

Moto ulipowaka, fundi aliomba udi. Mama wa nyumba akaleta kijiti, kikawashwa na kushikwa chini ya mdomo wa dohani, milango na madirisha yote yakiwa yamefungwa. Moshi ulipinda, ukarudi sebuleni. Dohani ilikuwa haivuti. Fundi akafungua kifuniko cha tundu alilokuwa amelitoboa ukutani karibu na meko, la ukubwa wa tofali, lenye wavu nje. Moshi wa udi ukanyooka na kupanda.

"Mama, hili tundu usilizibe hata siku moja," alisema. "Najua mtasikia baridi, mtatafuta tambara. Moto wenu unavutia pumzi hapa."

Bibi, mama yake mwalimu, aliyekuwa amekaa na shuka begani, alitaka kujua kwa nini tundu lisitobolewe mbali, upande wa mlango. Akaelezwa kuwa likiwa mbali, hewa ya baridi itavuka chumba na kupita miguuni mwa waliokaa kabla ya kufika motoni. Likiwa jirani na meko, moto unaichukua palepale. "Ndaga fijo," akashukuru, na akasogeza kiti chake.

Katika kazi yote hiyo, meko yenyewe yalifungwa kwa muda mfupi kuliko kila kitu kingine. Ndivyo inavyopaswa kuwa, na mteja anayeletewa fundi wa kumaliza yote kabla ya chakula cha mchana aanze kuuliza maswali. Amuulize atatumia nini kupima uvujaji, nozeli itabadilishwa kwa mwinuko upi, tundu la hewa litakaa wapi, na nani atarudi kila Mei kuangalia dohani kabla ya baridi kuanza. Nyuki na ndege hawachelewi kuona bomba lililolala miezi tisa.

Mafundi wa aina hiyo ni wachache. Wengi wanajua kufunga regyuleta na mpira wa jiko la kupikia, na hapo ndipo mafunzo yao yanapoishia. VETA inafundisha umeme, bomba na uashi. Kwa wilaya za baridi, kutoka Makete hadi Rungwe hadi Lushoto, ningependa kuona kozi fupi ya gesi za majumbani inayojumuisha dohani na upimaji wa hewa. Na ningependa halmashauri, zinapopitia ramani za nyumba kabla ya kutoa kibali cha ujenzi, ziulize swali moja zaidi: moto wa nyumba hii utakaa wapi na moshi wake utatokea wapi? Hata kama mwenye nyumba hana fedha ya meko leo, kuacha njia ya dohani ukutani wakati matofali yanapangwa ni kazi ya siku chache. Kuitoboa baada ya kuezeka kunamaanisha kukata bati, na bati likikatwa Tukuyu bila kuwekewa karatasi ya risasi au bati jembamba lililokunjwa kuzunguka dohani na kupandishwa chini ya lile la juu yake, Machi haiishi kabla maji hayajashuka kwenye jipsamu.